Kugeuza faili za diski si kuhamisha mashine pepe

Tangu Broadcom ilipoinunua VMware, kampuni ya programu za kuendeshea mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva halisi), mnamo Novemba 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu mwezi uliofuata, wateja wanaotaka kuhamia Proxmox, jukwaa huria linaloendesha mashine pepe kwa KVM ya Linux, hunijia na ombi lile lile: kazi ni kugeuza faili za diski tu, kwa hiyo niandike skripti, iendeshwe usiku, na asubuhi kila seva iwe imehama.

Ni kweli kwamba zana ya qemu-img hugeuza VMDK (faili ya diski ya VMware) kuwa qcow2 (faili ya diski inayotumika Proxmox) kwa amri moja. Lakini mfumo endeshi uliomo ndani ya diski hiyo bado unatarajia vifaa vya VMware. Windows iliyozoea PVSCSI, kidhibiti cha diski cha VMware, ikiunganishwa na diski ya virtio (aina ya vifaa pepe vya KVM) pasipo draiva yake, husimama kwenye skrini ya buluu yenye msimbo 0x7B, kwa sababu haiioni diski ambayo yenyewe imo. CentOS, aina ya Linux, nayo yaweza kukwama mapema vivyo hivyo, kwa kuwa zana yake ya dracut kwa kawaida hutia ndani ya initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza Linux inapowaka) draiva za vifaa ilivyovikuta tu. Hitilafu inayoniudhi kuliko zote ni ile isiyopiga kelele: seva inawaka vizuri, skripti inaandika kwamba imefanikiwa, kumbe kadi ya mtandao iliyoitwa ens192 sasa inaitwa ens18, na anwani ya IP imebaki kwenye mipangilio ya kadi ambayo haipo tena.

Ndiyo maana nasisitiza virt-v2v, zana ya kuhamisha mashine pepe, ambayo huingia ndani ya diski, hupandikiza draiva za virtio na kuijenga upya initramfs. Hata hiyo hukwama ikikuta Windows haikuzimwa kikamilifu, kwa hiyo zimeni mapema Fast Startup, mpangilio unaoifanya Windows isizimike kikamilifu. VMware Tools, yaani draiva na zana za VMware zilizosakinishwa ndani ya mashine, nazo ziondolewe mashine ikiwa bado kwenye VMware, kwa maana ikishahama huwa vigumu kuziondoa. Skripti inayostahili jina hilo hutumia sehemu kubwa ya mistari yake kabla na baada ya kunakili: husoma kama mashine inawaka kwa BIOS au UEFI (njia mbili za kuwasha kompyuta), huhifadhi anwani za MAC (vitambulisho vya kadi za mtandao), kisha hujaribu mlango (port) wa huduma yenyewe, si ping peke yake.

Wengine huamini kwamba mashine itahama ikiwa hai, kama walivyozoea kwa vMotion, uhamishaji wa VMware usiozima mashine. vMotion huhamisha kati ya seva za ESXi, mfumo wa VMware, na KVM huhamisha kwenda KVM. Hali ya kumbukumbu na ya vifaa haisomeki upande wa pili. Kinachowezekana ni kunakili data mashine ikifanya kazi, kisha kuizima kwa muda mfupi ili vipande vilivyobadilika vimaliziwe.

Snapshoti, yaani kumbukumbu za hali ya diski ya wakati fulani, si bekapu, na zisipounganishwa kwanza na diski ya msingi, anayenakili diski hiyo peke yake atapata data ya siku snapshoti ya kwanza ilipochukuliwa.

Kuhusu usiku mmoja, pigeni hesabu: terabaiti 1 kupitia mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 2 hata mtandao ukiwa mtupu, na mitandao ya ofisi nyingi usiku huwa imeshikwa na bekapu.