Je, wajua kwa nini njumu zina meno?

Ukipita kwenye mitumba ya viatu soko la Kongowea, Mombasa, watazame vijana wanaochagua njumu, yaani viatu vya kuchezea soka: wengi huzigeuza kwanza wakaangalia chini. Kuna zenye meno sita marefu ya chuma, na kuna zenye meno mengi mafupi ya plastiki. Kwa nini zisifanane?

Kazi ya meno ni kuuzuia mguu usiteleze mchezaji anapokata kona kwa kasi au anapopiga shuti. Hata hivyo, mwanzoni yalikatazwa. Chama cha Soka cha Uingereza kilipoandika kanuni zake 13 mjini London mwaka 1863, ya mwisho ilipiga marufuku misumari iliyochomoza na vipande vya chuma chini ya viatu. Walikuwa na haki, maana msumari ukikupata kwenye muundi, mechi imekuishia hapo. Mwaka 1874, Sam Weller Widdowson, mchezaji wa klabu ya Nottingham Forest, alikata pedi za kriketi akazifunga juu ya soksi zake, na ndipo zilipoanzia kinga za muundi. Meno yenyewe yaliruhusiwa mwaka 1891, mradi yasizidi nusu inchi.

Siku iliyoyapa heshima ni tarehe 4 Julai 1954, fainali ya Kombe la Dunia mjini Bern, Uswisi. Hungary haikuwa imefungwa tangu 1950, na kwenye makundi ya mashindano hayo hayo ilikuwa imeichapa Ujerumani Magharibi 8-3. Mvua ikanyesha, uwanja ukawa tope. Wajerumani walivaa njumu za Adi Dassler, mwanzilishi wa Adidas, ambazo meno yake yalifunguliwa na kufungwa kama skrubu. Wakaweka marefu yanayozama topeni. Walitanguliwa 2-0 ndani ya dakika nane, wakashinda 3-2. Viatu havifungi mabao, lakini mimi naamini siku ile vilisaidia sana.

Hapo ndipo penye jibu: meno marefu yanataka ardhi laini. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na viwanja vingi vya mitaani ni udongo mkavu ulioshindiliwa na miguu ya watu. Chuma hakizami pale. Uzito wote wa mwili unabaki juu ya ncha sita, nyayo zinawaka moto, kifundo cha mguu kinayumba na ni rahisi kuteguka. Meno mengi mafupi hugawana uzito huo. Mzazi, tafadhali, usimnunulie mtoto zile za chuma kwa sababu tu zimepatikana kwa bei nzuri.

Pale ufuo wa Pirates, Mombasa, wanaocheza mchangani hawana haja na zote mbili. Vidole vyenyewe hushika mchanga, na kanuni za soka ya ufukweni haziruhusu viatu.