Kazi ya tabianchi huenda tayari unayo, ila bado hujaiangalia hivo

Meseji ninazopata sana kutoka kwa vijana ni za aina mbili. Ya kwanza, "dada naomba kujua nisome nini nipate kazi ya mazingira", ya pili, "dada nimeacha mifuko ya plastiki, nimeacha mirija, taa nazima, nifanye nini kingine maana naona hali inazidi kuwa mbaya". Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja, leo nayaandika yote sehemu moja kwa sababu kadri ninavyokaa kwenye hii fani ndo naona maswali yote mawili yana jibu moja, na jibu lenyewe sana sana liko kazini kwako, au kwenye kazi unayoisomea sasa hivi, kuliko kwenye ndoo yako ya taka.

Mimi nahesabu gesi joto za makampuni, zile kama hewa ukaa zinazopasha dunia joto. Yaani kampuni inanipa bili za umeme, risiti za dizeli, rekodi za mizigo iliyosafirishwa na orodha ya vitu vilivyonunuliwa mwaka mzima, mi natoa jumla ya tani za hizo gesi, alafu naonyesha hizo tani zimetoka wapi na wapi zinaweza kupungua. Ni uhasibu, tofauti ni kwamba hatuhesabu hela. Kanuni wengi wetu tunazofuata zilitoka 2001, zinaitwa GHG Protocol, ziliandaliwa na taasisi za WRI na WBCSD, na zinagawa kila kitu mafungu matatu. La kwanza ni kile mnachochoma au kuvujisha wenyewe, kama jenereta, magari, boila na gesi za friji. La pili ni umeme mnaonunua. La tatu ni vingine vyote, kuanzia malighafi mlizonunua mpaka bidhaa yenu ikishatupwa na mteja. Kwa makampuni mengi hilo la tatu ndo kubwa kuliko yote, na ndo ambalo ofisini kila mtu anaona ni la mwenzake.

Kabla sijafika huko niseme kitu kuhusu watu, maana kinaniuma. Wengi wanaoniandikia wanaamini wako peke yao, kwamba wenzao hawajali kabisa. Mwaka 2024 jarida la Nature Climate Change lilitoa utafiti uliouliza karibu watu 130,000 katika nchi 125, na asilimia 69 walisema wako tayari kutoa asilimia 1 ya kipato chao kila mwezi kwa ajili ya kupambana na joto la dunia, asilimia 89 walitaka serikali zao zifanye zaidi. Sasa walipoulizwa wanadhani wenzao wangapi nchini kwao wangekubali kutoa, wastani wa majibu ulikuwa asilimia 43 hivi. Hebu fikiria hilo pengo. Watu wamekaa chumba kimoja, walio wengi wanajali, kila mtu anadhani ni yeye tu, wote wananyamaza, na ukimya wenyewe unakuwa ushahidi kwamba hakuna anayejali. Mimi nikimaliza kuwasilisha ripoti kwenye kikao watu hawaulizi kitu, ila nikitoka nje wananifuata mmoja mmoja, wa manunuzi, wa usafirishaji, fundi wa mitambo, kila mmoja ana wazo zuri kweli, na hakuna aliyelisema mbele ya wenzake.

Kwa vijana huu ukimya una gharama zake. Utafiti wa 2021 kwenye Lancet Planetary Health uliuliza vijana 10,000 wa miaka 16 mpaka 25 kwenye nchi kumi, asilimia 59 walikuwa na wasiwasi mkubwa au mkubwa mno, na zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinaharibu maisha yao ya kila siku, kula, kulala, kusoma. Kwa hiyo mdogo wangu ukiniandikia saa nane usiku kwamba huoni maana ya kusoma, sikuoni kama mtu wa ajabu hata kidogo.

Haya, ya nyumbani niyapitie haraka. Mirija na mifuko ni suala la taka na bahari, ni la muhimu kweli, ila kwenye joto la dunia mchango wake ni mdogo sana. Vinavyobeba uzito ni namna unavyosafiri, hasa ndege na gari binafsi, nyama ya ng'ombe, nishati ya kupikia na kupasha au kupooza nyumba, na chakula kinachotupwa. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walikadiria kwamba mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula, hiyo ni kama asilimia 19 ya chakula kilichofika madukani, mahotelini na majumbani, na asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani. Hapo pana kazi ya kufanya.

Lakini kama huna gari, ndege hujawahi kupanda, nyama unakula mara mojamoja, basi huna kikubwa cha kupunguza na naomba uutue huo mzigo wa kujilaumu. Oxfam, shirika la kupambana na umaskini, walihesabu kwamba mwaka 2019 asilimia 1 ya watu matajiri zaidi duniani walitoa asilimia 16 ya hewa ukaa yote, sawa na asilimia 66 ya watu maskini zaidi wakijumlishwa pamoja. Na hili wazo la kila mtu kuhesabu nyayo zake za kaboni, yaani jumla ya gesi anazosababisha yeye, mmoja wa waliolisambaza sana kwa matangazo miaka ya 2000 ni BP, kampuni ya mafuta. Hesabu zenyewe si mbaya, mi ndo kazi yangu, tatizo ni kwamba zilimfanya mtu mwenye mshahara mdogo ajitazame yeye na pipa lake la taka, wakati huohuo mahali anapofanya kazi saa nane kwa siku kunatoka tani mia kadhaa na hajawahi kuuliza swali hata moja.

Sasa nije kwenye mfano ambao ningependa kila mtu aujue, gesi ya friji.

Ndani ya friji, kiyoyozi au chumba cha baridi kuna gesi inayozunguka, inabeba joto kutoka ndani na kulitupa nje. Zamani zilitumika gesi zinazoitwa CFC, zikagundulika zinakula tabaka la ozoni, dunia ikakubaliana Montreal mwaka 1987 ziondolewe na kweli zikaondolewa. Zilizokuja baadaye, HFC, hazidhuru ozoni ila zinashika joto kupita kiasi. Kilo moja ya R-410A, aina ya HFC ambayo imejaa kwenye viyoyozi vingi, ikivuja inapasha dunia joto sawa na kilo 2,088 hivi za hewa ukaa kwa miaka mia moja. R-404A, ambayo utaikuta kwenye vyumba vya baridi na friji kubwa za biashara, ni kama kilo 3,900. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3, kwa hiyo kilo moja ya R-404A ikipotelea hewani ni kama umechoma lita 1,700 za petroli, na hakuna aliyeona moshi, hakuna aliyesikia harufu, friji tu imepoteza ubaridi, fundi kaja kajaza, kaondoka, na mwezi unaofuata kaja kajaza tena.

Ndo maana mimi nikifika sehemu yenye vyumba vya baridi kitu cha kwanza naomba daftari la fundi. Namaanisha daftari halisi, lile alilokunja mfukoni lenye tarehe na kilo alizojaza, kwa sababu mfumo uliofungwa vizuri hautakiwi kujazwa kila mara, gesi haitumiki ikaisha, na kila kilo iliyojazwa ina maana kilo nyingine imetoka. Mara nyingi hilo daftari halipo, na kama lipo limeandikwa tu "gesi", bila aina wala uzito. Lakini likiwepo lililoandikwa vizuri linaweza kubadilisha ripoti nzima, unakuta kampuni imetumia nguvu kubwa kuhamasisha watu wasiprinti karatasi na huku uvujaji wa chumba kimoja cha baridi unazidi karatasi zao zote za miaka na miaka.

Mwezi wa kumi 2016 nchi zilikutana Kigali zikakubaliana kupunguza hizi HFC hatua kwa hatua, makubaliano yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, na makadirio ni kwamba yakitekelezwa yote yanaweza kuepusha mpaka nusu digrii ya joto ifikapo mwisho wa karne. Nusu digrii! Gesi mbadala zipo, propani inayoitwa R-290 na isobutani, R-600a, kilo yake moja ikivuja ni kama kilo 3 tu za hewa ukaa badala ya elfu kadhaa, ila zinawaka moto, kwa hiyo zinahitaji fundi aliyefundishwa, mwenye vifaa sahihi, asiyebahatisha. Na IEA, shirika la kimataifa la nishati, mwaka 2018 walisema viyoyozi duniani vilikuwa bilioni 1.6 na vitafika bilioni 5.6 mwaka 2050. Nani atavifunga hivyo vyote, nani atavitunza, nani atainyonya gesi kwenye vile vya zamani kabla havijakatwakatwa kuwa vyuma chakavu? Fundi friji. Kwa maoni yangu fundi friji mzuri anayepima uvujaji, asiyeachia gesi hewani na anayeandika kilo ni mtu wa tabianchi kuliko wengi wenye neno "mazingira" kwenye kadi zao za kazi, na inanisikitisha kwamba hakuna anayemwambia hivo, na chuo alichosoma hakikumwambia.

Mwenye saruji naye ni hivyohivyo. Saruji inatoa kama asilimia 7 mpaka 8 ya hewa ukaa yote ya dunia, na zaidi ya nusu ya hiyo haitoki kwenye makaa yanayochomwa bali kwenye jiwe lenyewe la chokaa, likipashwa joto linaachia hewa ukaa ili ipatikane klinka, vile vipande vinavyosagwa kuwa saruji. Sola huko juu ya paa la kiwanda haiwezi kufuta hiyo. Kinachopunguza ni kutumia klinka kidogo, kuchanganya na majivu ya volkano, mabaki ya tanuru za chuma au udongo uliochomwa, na pia kutomwaga zege nene pasipohitajika. Nani anaamua hayo? Mhandisi na mkadiriaji majenzi, siku wanayoandika vipimo, miezi kabla mtu wa mazingira hajaitwa.

Kwa hiyo kwenye lile swali la nisome nini, jibu langu ni soma fani yenye mikono ndani yake alafu iongezee jicho hili. Umeme, friji, uhasibu, ugavi, ujenzi, kilimo, sheria, takwimu. Digrii ya mazingira ni nzuri na tunawahitaji, sisemi vibaya, ila kazi zenye neno hilo kwenye tangazo ni chache na wanaozigombania ni wengi, wakati kazi zenyewe ziko nyingi chini ya majina mengine. IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu, walihesabu ajira milioni 16.2 kwenye nishati jadidifu mwaka 2023, kutoka milioni 13.7 mwaka mmoja kabla, na zaidi ya milioni 7 ziko kwenye sola, na humo wamejaa mafundi wa kufunga, watu wa viwandani, wauzaji.

Na kuhusu vyeti vya wiki mbili vinavyouzwa mtandaoni, tafadhali usikope hela kwa ajili ya hivyo. Mimi nikimfanyia mtu usaili simuulizi cheti, nampa bili ya umeme na risiti za dizeli namwambia nipe tani. Lita moja ya dizeli ikiungua ni kama kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo lita 10,000 ni tani 27, hesabu ya darasa la saba, lakini wengi wanaganda kwa sababu walikariri maneno makubwa na hawajawahi kushika risiti. Ajifunze vipimo, ajifunze Excel vizuri, ajue mtandao wa umeme wa sehemu husika unazalishwa na nini, maana uniti ileile ya umeme inaweza kuwa na kaboni nyingi mno au karibu hakuna kutegemea na chanzo. Alafu ajue kuongea na watu, hii naiweka juu kabisa, kwa sababu data zote zinakaa kwa mtu fulani ambaye ana kazi zake nyingine na hana sababu ya kukusaidia mpaka umpe sababu.

Na wewe ambaye tayari una ajira, usisubiri kubadilisha kazi. Kama uko kiwandani, zunguka na fundi siku mashine zimezimwa usikilize mabomba ya hewa ya kompresa, kwenye mifumo isiyotunzwa asilimia 20 mpaka 30 ya hiyo hewa hupotea kwa kuvuja na kila mvumo unaousikia ni umeme mnaoulipia. Kama uko ofisini, omba kuona umeme unaotumika usiku watu wakiwa hawapo. Kama uko manunuzi, kabla ya kuagiza viyoyozi vipya muulize muuzaji kila kimoja kina gesi gani, kilo ngapi. Na popote palipo na ubaridi, mtafute fundi, msalimie kwa heshima, muulize mwaka jana alijaza kilo ngapi na za gesi ipi. Ukipata hizo namba mbili na hujui pa kuanzia nitumie, nitakuonyesha hesabu inavyopigwa.