“Walimfananisha tu”: Kalasinga na maisha yake Marekani

Kwenye kituo chetu hapa Indianapolis kazi yangu ni kufundisha watu kuhusu dini za majirani zao, na darasa la Kiswahili huwa nalianza na picha moja tu. Mzee ana kilemba cha rangi ya chungwa, ndevu nyeupe zimeshuka mpaka kifuani, mkononi bangili ya chuma. Nauliza, huyu nani? Wakenya na Watanzania wanadaka pale pale, Kalasinga huyo! Wakongomani wengi wananyamaza kwanza, alafu mmoja anasema sheikh, mwingine anasema Mwarabu, na siku moja dogo wa sekondari aliyekaa nyuma akasema Osama, darasa zima likacheka. Sikumgombeza. Hilo jina hakuja nalo kutoka Goma, amelikuta shuleni kwake hapa hapa, na watoto wa Kalasinga wanaitwa hivo kwenye mabasi ya shule tangu yeye hajazaliwa.

Kalasinga ni neno letu sisi, wenyewe wanajiita Sikh, yaani mwanafunzi. Afrika Mashariki tunawajua toka enzi za reli ya Uganda, 1896 mpaka 1901, mafundi kibao walioletwa kutoka Punjab, India ya enzi hizo, walikuwa wao, na aliyewahi kupita barabara ya Mombasa kwenda Nairobi anaijua Makindu, unaingia hekaluni kwao unakula unashiba na hakuna anayekuuliza dini wala kabila. Joginder Singh alichukua Safari Rally mara tatu, Wakenya wakamwita Simba. Yaani sisi hatuna kisingizio cha kutowajua.

Dini yenyewe si tawi la Uislamu wala la Uhindu. Ilianza Punjab na Guru Nanak aliyezaliwa 1469, wanaamini Mungu mmoja, walikuwa na maguru kumi, yaani walimu wakuu, na baada ya wa kumi uongozi ukakaa kwenye kitabu chao, Guru Granth Sahib. Mwaka 1699 huyo wa kumi, Guru Gobind Singh, aliunda udugu wa Khalsa na kuwapa alama tano: nywele zisizokatwa, kitana cha mbao, bangili ya chuma, kaptula ya ndani na kisu kidogo cha kiibada kinachoitwa kirpan. Wanaume wakachukua jina Singh na wanawake Kaur, ili mtu asijulikane tabaka lake kwa jina la ukoo, jambo ambalo kwa India ya wakati ule halikuwa dogo hata kidogo.

Kilemba ndo kinafunika zile nywele. Ni kitambaa cha mita tano au zaidi, unakikunja kwa urefu, ncha moja unaibana kwa meno, alafu unazungusha kichwani tabaka juu ya tabaka mpaka kikae sawa, na hiyo ni kila asubuhi, si kofia ya kuvaa na kuvua. Na maana yake, wenyewe watakwambia, ni kwamba mtu akiwa na shida katikati ya umati aone kile kilemba ajue pale kuna mtu wa kukimbilia. Kilivaliwa ili kionekane. Hapo ndo shida ya Marekani inapoanzia, maana alama iliyowekwa ili mnyonge akuone, mwenye chuki naye anaiona.

Watu wengi wanadhani mambo haya yalianza 2001. Hapana. Tarehe 4 Septemba 1907 kule Bellingham, jimbo la Washington, kundi la wazungu mia kadhaa liliwatoa vibarua wa Kipunjabi, wengi wao Sikh, kwenye mabweni na viwanda vya mbao, wakapigwa na vitu vyao vikaibiwa, na ndani ya siku chache mji mzima ukawa hauna hata mmoja. Magazeti yaliwaita “Wahindu” wote kwa pamoja, hata jina hawakupewa lao. Alafu kuna Bhagat Singh Thind, huyu alivaa sare ya jeshi la Marekani kwenye Vita ya Kwanza na kilemba chake kichwani, 1918, akaomba uraia, na 1923 Mahakama Kuu ya nchi ikasema wewe si mzungu, huwezi kuwa raia. Uraia ulikuja kumkalia 1936. Mwenzake Dalip Singh Saund alisubiri mpaka sheria ikabadilishwa 1946, na miaka kumi baadae wapiga kura wa California wakampeleka Bungeni, Mwasia wa kwanza kuingia Kongresi kama mbunge mwenye kura.

Sasa 2001. Siku nne baada ya mashambulizi ya Septemba 11, yale ya kundi la Osama, Balbir Singh Sodhi alikuwa nje ya sheli yake huko Mesa, Arizona, anapanda maua. Jamaa akapita na gari akampiga risasi akafa pale pale. Na magazeti, polisi, majirani, wote wakaja na sentensi moja ambayo mimi nina ugomvi nayo mpaka leo: masikini, walimfananisha, walidhani ni Mwislamu.

Hebu isikilizeni vizuri hiyo sentensi. Kufananisha ni pale unapomgusa mtu bega sokoni akageuka ukakuta siye, unasema samahani nimekufananisha, mnacheka yanaisha. Yule muuaji siku ile ile alikwenda akamfyatulia risasi karani mwenye asili ya Lebanon, akamkosa, alafu akafyatua kwenye nyumba ya familia ya Kiafghani. Mtu wa namna hiyo hajamfananisha mtu yeyote, alikuwa anawinda kila asiyefanana naye. Na kingine, ukisema walikosea unakuwa umesema, bila kukusudia, kwamba yupo wa sahihi. Kwamba ingekuwa Mwislamu kweli basi sawa. Mimi ni Mwislamu, mke wangu anavaa hijabu, naisikia hiyo sentensi kwa sikio lingine kabisa. Na niwasifu Masikh wengi, ingekuwa rahisi sana kwao kuzunguka na tisheti za “sisi si Waislamu”, wachache walijaribu hiyo njia, lakini mashirika yao makubwa yaliikataa wazi, wakasimama kueleza wao ni nani bila kumsukumia jirani risasi.

Tarehe 5 Agosti 2012, Jumapili asubuhi, mtu wa itikadi za Kinazi aliingia hekalu lao la Oak Creek karibu na Milwaukee, kina mama wako jikoni wanaandaa chakula cha watu wote, akaua sita. Wa saba alipooza akaishi hivo mpaka 2020 akafariki. Mwezi uliofuata kijana wa miaka 18 aliyempoteza mama yake siku ile alikwenda Seneti, na ombi lake ndo nalikumbuka kuliko hotuba zote, aliomba serikali impe mama yake heshima ya kuhesabiwa. Maana fomu za FBI, wapelelezi wa serikali kuu, za uhalifu wa chuki hazikuwa na kisanduku cha Sikh, ukipigwa kwa ajili ya kilemba chako unaandikwa kwenye hesabu za dini nyingine au unapotea tu. Kisanduku kilianza kutumika 2015. Sensa nayo haiulizi dini, ndo maana utasikia makadirio tu, la kawaida ni kama watu 500,000 nchi nzima.

Hapa hapa Indianapolis, Aprili 2021, watu wanane waliuawa kwenye ghala la kampuni ya vifurushi ya FedEx, wanne kati yao Sikh. FBI ikafunga uchunguzi ikasema haikuona ubaguzi ndani yake, na jamii yao hawakuridhika na hilo jibu, hawajaridhika mpaka leo ukiongea nao.

Kazini nako ni habari nyingine. Jeshi lilifunga mlango wa vilemba na ndevu 1981, likawa linatoa ruhusa kwa mtu mmoja mmoja kuanzia 2009, utaratibu rasmi wa kutoa ruhusa hizo ukaja Januari 2017. Yaani karibu miaka mia baada ya Thind. Madreva wa malori makubwa ndo wengi siku hizi, ukiona hoteli ya barabarani inauza dengu na roti katikati ya Nebraska ujue kwanini. Na uwanja wa ndege, hata kama mashine haikulia, mara nyingi anaambiwa ashikeshike kilemba chake mwenyewe, alafu afisa anampangusa viganja kwa kijikaratasi kutafuta baruti. Watu nyuma yake kwenye foleni wanamtazama muda wote huo.

Yule dogo wa Osama nilimpeleka hekaluni na wenzake. Viatu nje, kitambaa kichwani unachukua kwenye kapu mlangoni, wanaume kwa wanawake, sigara usiingie nayo hata mfukoni, na kilemba cha mtu hakiguswi hata kwa utani. Mnakaa chini kwenye zulia mstari mmoja, daktari na kibarua, wanapita na ndoo ya dengu. Dogo akanyoosha mkono mmoja kupokea roti, mzee akasimama akamwangalia, akasema kwa Kiswahili cha Kisumu kabisa, “Mikono miwili bwana!” Dogo nusura adondoshe sahani.

Kwa nyie mnaoishi huku, Sikh, Mwislamu, Mkristo, yeyote: ukitukanwa au kupigwa kwa ajili ya vazi lako, ukienda polisi usiishie kusema nimepigwa. Taja maneno aliyokutukana, neno kwa neno, hata kama ni machafu unaona aibu kuyatamka, yaandikwe kwenye ripoti, na kabla hujatoka omba namba ya hiyo ripoti. Mkalimani ni haki yako kuomba. Na afisa akikwambia ah, huyo alikufananisha tu, mwambie aandike hivo hivo ulivyosema wewe.