Maua ya Ndani, Mbu wa Mchana na Homa ya Dengue: Maswali na Majibu

Maua ya ndani yanahusiana vipi na homa?
Ua lenyewe halina kosa. Tatizo ni maji yaliyotuama kwenye kisahani chini ya chungu, au kwenye chupa ya kioo ulimotumbukiza tawi. Humo hutaga mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, na huyo ndiye anayeeneza dengue. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko mwaka 2014, na mwingine ukaja 2019. Bado naingia kwenye ofisi za watu, nainua chungu cha mapokezi, nakuta viluwiluwi vinacheza.

Nalala kwenye chandarua. Hakitoshi?
Kwa malaria, endelea nacho. Mbu wa dengue huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza. Anakukuta mezani kazini, miguu ikiwa chini ya meza.

Nichague mimea gani?
Isiyohitaji maji mengi. Zamioculcas, wengi huuita ZZ, asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki hadi kusini, na hukaa wiki mbili au tatu bila kumwagiliwa. Sansevieria, yenye majani marefu yaliyosimama kama mapanga, ni hivyo hivyo. Mshubiri pia, ukiwa karibu na dirisha. Jiepushe na maua ya jamii ya nanasi yanayoshika maji katikati ya majani, na mianzi ya kuoteshwa ndani ya maji. Ile mimea inayotambaa mnayopenda kuiweka kwenye chupa juu ya friji, ihamishieni kwenye udongo. Inastawi vizuri tu.

Kisahani je?
Kijaze mchanga, maji yasisimame. Kama hutaki mchanga, kimwage kila wiki, kwa sababu yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi. Kumwaga peke yake hakutoshi. Mayai hugandia ukutani, juu kidogo ya maji, na hustahimili ukavu kwa miezi. Sugua kwa brashi. Mwenye ofisi, usimwachie mfanya usafi kazi hii bila kumwelekeza, kisha ukamlaumu.

Nikipata homa, si ninunue mseto wa malaria na diklofenaki ya maumivu kwanza?
Hapana. Hili ndilo linalotuletea wagonjwa wakiwa wameshachelewa. Si kila homa ni malaria, pima. Kama ni dengue, mseto haufanyi kitu, na diklofenaki, ibuprofen na aspirini huongeza hatari ya kuvuja damu. Cha kutuliza homa na maumivu ni paracetamol: mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Na maji mengi, maji ya madafu, uji, au chumvi-sukari ya ORS.

Kipimo cha malaria kimeonyesha sina. Ninywe mseto "kwa tahadhari"?
Hapana. Rudi umwone daktari, umwambie homa imeanza siku gani, na kama macho yanauma kwa nyuma, viungo vinauma, au umetokwa na vipele.

Homa imeshuka. Nimepona?
Usiseme hivyo bado. Kwa dengue, hatari kubwa huja pale homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7. Mgonjwa anajiona nafuu, anavaa, anakwenda kazini, kumbe ndani maji ya damu yanavuja kwenye mishipa.

Dalili gani zisisubiri kesho?
Tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au puani, choo cheusi, kupumua haraka, kulegea au kuhangaika. Hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Hata kama homa imeshuka. Narudia: hata kama homa imeshuka. Msimpitishe duka la dawa "akachomwe sindano ya maumivu". Sindano hiyo mara nyingi ni diklofenaki ile ile.

Nani asisubiri dalili hizo?
Mjamzito, mtoto mchanga, mzee, na mwenye kisukari au ugonjwa wa figo. Hao waletwe siku homa inapoanza.