Kiuno kipana, fizi zinazovuja damu

Mtu mnene akifika kwa daktari wa meno fizi zikimtoka damu, mara nyingi huambiwa hapigi mswaki vizuri na anakula ovyo, kisha husafishwa ugaga na kurudishwa nyumbani. Kazi yangu ni utafiti wa afya ya jamii, upande wa unene uliopitiliza na magonjwa ya fizi, na jibu hilo linaniudhi. Mswaki una kazi yake, tena kubwa, lakini haumalizi habari yote.

Mwaka 1977 watafiti Perlstein na Bissada walichochea ugonjwa wa fizi kwa panya, wakakuta panya wanene wameathirika vibaya zaidi. Mwaka 1998 Saito na wenzake wa Fukuoka, Japani, walionyesha uhusiano huo kwa watu 241. Utafiti ninaourudia kila mara, hata hivyo, ni wa 2003, wa Al-Zahrani, Bissada na Borawski, waliochambua vipimo vya Wamarekani zaidi ya 13,000. Katika kundi la miaka 18 hadi 34, wenye kiuno kipana, yaani zaidi ya sentimita 102 kwa wanaume na 88 kwa wanawake, walikuwa na uwezekano wa kuugua unaozidi mara 2 ya wenzao, hata baada ya sigara na kisukari kuwekwa kwenye hesabu. Kwa watu wa makamo na wazee uhusiano huo haukuonekana.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kusema basi si neno. Mimi nalisoma kinyume. Mzee amebeba sababu nyingi kwa pamoja, na meno yake yaliyougua zaidi huenda yameshang'oka. Jino lisilokuwepo halipimwi. Kijana bado ana meno yake, kwa hiyo kwake mchango wa unene hujitokeza peke yake.

Mafuta ya tumboni hayakai tu yakisubiri njaa. Seli zake, pamoja na chembe za kinga zilizojipenyeza humo, humwaga kwenye damu kemikali za kuchochea uvimbe, kama TNF-alfa na interlukini-6, huku adiponektini, ambayo hutuliza, ikipungua. Bakteria wakijikusanya chini ya ufizi, wanaukuta mwili umeshapandwa na hasira: kinga inapiga kupita kiasi, na kinachoumia ni mfupa unaoshika jino. Mwaka 2021 kundi la Keith Kirkwood wa Chuo Kikuu cha Buffalo lilionyesha kwamba panya walionenepeshwa kwa chakula chenye mafuta mengi huongezeka chembe changa za kinga zitokazo kwenye uboho, na baadhi yake zinaweza kugeuka kuwa osteoklasti, seli zinazomeng'enya mfupa.

Kupima kwenyewe kunataka subira. Kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita kinateremshwa taratibu kati ya jino na ufizi, sehemu 6 kwa kila jino. Kwa mwenye meno 28 hizo ni namba 168 za kuandika. Milimita 1 hadi 3 hatuna wasiwasi. Kuanzia 4 tunaangalia kwa makini, hasa damu ikifuata kijiti. Kiuno nacho hakipimwi juu ya mkanda wa suruali. Utepe unapita katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, mtu akiwa ameshusha pumzi. Wengi huvuta tumbo ndani bila kujijua, kwa hiyo namwambia kwanza kwamba hapa hakuna anayehukumiwa.

Sisemi kitambi kinang'oa meno. Tafiti nyingi hupima kiuno na fizi siku ileile, kwa hiyo haziwezi kusema kipi kilitangulia, na soda za kila siku zinaweza kuchochea vyote viwili. Kisukari nacho kinaingia katikati: kinaharibu fizi, na fizi zilizoharibika hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa.

Ninachodai kwa sasa kinawezekana hata kwenye zahanati ndogo. Kliniki ya meno iwe na utepe wa kupimia kiuno, na kliniki ya kisukari au ya uzito imuulize kila mgonjwa kama fizi zinatoka damu anapopiga mswaki. Aanze kuulizwa akiwa na miaka 20 na kitu, ufizi ukiwa umevimba tu. Hatua hiyo bado inatibika ukapona kabisa, ila mfupa ukishaliwa, kusafisha ugaga kutazuia usiendelee kuliwa, lakini uliokwisha kwa kawaida haurudi wenyewe.