Ruta ya Pili Kama Daraja: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Nyumba nyingi za kupanga, Kampala hata Busia, ni matofali ya kuchoma, paa la bati, mlango wa chuma. Mawimbi ya Wi-Fi hayapendi hata kimoja katika hivyo. Basi mtu huchomoa ruta ya zamani kabatini aifanye daraja, yaani ipokee Wi-Fi ya ruta kuu (ile yenye intaneti) na kuirusha mbele, na ushauri wa mtaani unaanza.

"Iweke palepale mtandao unapokufa." Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Daraja halizalishi intaneti, linapokea na kupitisha. Likipokea makombo, litagawa makombo. Liweke njiani, mahali ambapo bado linaipata ruta kuu vizuri. Kurasa za mipangilio za baadhi ya ruta huonyesha nguvu hiyo kwa dBm, kipimo cha mawimbi ambacho kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo yalivyo na nguvu: karibu na -65 ni pazuri, ukiona -80 lihamishe. Na usidanganywe na mistari ya simu. Simu hupima mawimbi yanayotoka kwenye daraja tu, haijui daraja lenyewe linapata nini. Mistari imejaa, video inazunguka tu? Kagua kati ya ruta na ruta.

"Elekeza ncha ya antena chumbani." Antena ya fimbo hurusha ubavuni, si nchani. Nyumba isiyo na ghorofa, zisimamishe wima.

"Pandisha nguvu ya kurusha hadi mwisho." Ruta itapaza sauti, lakini simu yako bado inanong'ona, na majibu yake lazima yafike.

"Kasi itabaki ileile." Haibaki, ikiwa ruta ina redio moja (kifaa cha ndani cha mawimbi) inayopokea na kurusha upya hewani: takriban nusu inapotea. Yenye masafa mawili ina nafuu, ipokee kwa GHz 5 na kugawa kwa GHz 2.4, mradi kuta kati yake na ruta kuu ni chache, maana GHz 5 huchoka haraka ukutani. Runinga au kompyuta ichomeke kwa waya kwenye daraja.

Kuna wanaolaumu mawimbi kumbe ruta mbili zote zinagawa anwani, zile namba za kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Zima DHCP, huduma inayogawa anwani hizo, kwenye daraja, lipe anwani tofauti na ya ruta kuu.

Binafsi, mwenye nyumba akikubali utoboe ukuta, ningeacha daraja kabisa. Waya wa mtandao hufika mita 100, na ruta ya pili ikiunganishwa nao haikati kasi nusu.