Gift: zawadi, sumu au ndoa?

Kwenye chupa ya Kijerumani kuna fuvu, mifupa miwili, na neno Gift. Anayejua Kiingereza tu anasoma zawadi. Mjerumani anasoma sumu. Uzushi juu ya neno hili hauishi.

Dhana: Maneno hayo yamefanana kwa bahati tu.
Ukweli: Ni ndugu wa tumbo moja. Yametokana na kitenzi cha kutoa, geben kwa Wajerumani na give kwa Waingereza. Kijerumani chenyewe hakijasahau: Mitgift ni mali anayotoka nayo bibi harusi kwao, na haina sumu yoyote.

Dhana: Wajerumani wa kale waliuana kwa zawadi.
Ukweli: Hadithi tamu, ila chanzo ni dawa. Wagiriki waliita kipimo cha dawa dosis, yaani "kutoa". Neno likapita kwenye Kilatini, na Wajerumani wakaifuata maana hiyo kwa neno lao wenyewe. Kusema mtu "kapewa" ilikuwa tafsida ya kusema kanyweshwa kitu kibaya. Dosis hiyohiyo ndiyo dozi yetu ya hospitalini.

Dhana: Kwa Waswidi ndoa ni sumu.
Ukweli: Kweli, kwa Kiswidi gift ni sumu, na gift ni mwenye ndoa, utani wake umeshachakaa. Lakini ndoa haikutoka kwenye sumu. Gifta ilikuwa kumtoa binti, yaani kumwoza. Na Mswahili asicheke sana, maana binti anaozwa na embe linaoza. Tofauti ni kwamba kwetu vitenzi viwili visivyo na undugu vimegongana, kimoja kikiwa kimezaliwa na kuoa. Kwao mzizi ni mmoja.

Dhana: Kiingereza ndicho kilichotunza maana ya asili.
Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu husemwa kwa uhakika mkubwa. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilianza kwa sauti ya y, na maana yake ilikuwa mahari. Katika wingi, harusi. Zawadi, pamoja na ile g ya leo, vililetwa na lugha ya Waskandinavia walioanza kuhamia Uingereza katika karne ya 9.

Waholanzi wameshatenganisha: gift ni zawadi, gif ni sumu. Nao Waaislandi wana gifta, bahati njema. Sumu wanaiita eitur.